Mwiko wa Marhamu ya Magoti

Katika mji wa San Bruno Atexcal, siku moja kabla ya sikukuu ya Bikira, wanawake wa chama cha kanisa hupika marhamu ya magoti. Mahujaji hupanda kilima kwa magoti tangu darajani hadi madhabahuni, na wakifika juu ngozi zao huwa zimechubuka kama viazi vilivyomenywa na mlevi. Mwaka huu Wenceslao, mwana wa Obdulia, alikuwa ameweka nadhiri ya kupanda. Mkewe alikuwa amepona homa.

Lakini asubuhi ile Obdulia hakuja jikoni kwa sababu ya magoti tu. Alikuja kwa ajili ya mwiko. Bibi Cleofas, aliyekoroga chungu kile tangu Obdulia akiwa msichana, alikuwa amepofuka, naye alitangaza mbele ya wote kwamba leo mwiko utapata mwenyewe mpya. Obdulia hakuona mwingine wa kupewa. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni saa ambazo nzuri zimekwisha.

Tena kulikuwa na Nicanora. Huyu alikuwa mke wa muuza mishumaa, mwanamke wa kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Maharagwe yake huungua kila sikukuu, na watu huyala na kumsifu, eti ana moyo mzuri. Obdulia alimsimamia mtoto wa kwanza wa Nicanora katika ubatizo, kwa hiyo waliitana komadre, na kila mara neno hilo lilimkwama Obdulia kooni kama mfupa wa samaki.

"Komadre, njoo uone!" Nicanora aliinua kikapu. "Nimeyaosha yote, jani kwa jani. Yanang'aa!"

Obdulia alichungulia. Maua ya kalendula na majani yale wanayoyaita dawa-ya-pigo yalikuwa yakichuruzika maji. Hata mtoto anajua kwamba majani ya marhamu hupanguswa vumbi, kisha huanikwa kivulini mpaka yanyauke. Maji na mafuta ya moto hayalali kitanda kimoja.

Angeweza kusema. Akawaza: acha chungu kimtemee mate usoni. Kitakapoanza kuruka, nitapunguza makaa, nitakoroga taratibu mpaka maji yakauke, na kila mwenye macho ataona mpishi ni nani.

"Yamependeza, komadre," alisema. "Yatie mwenyewe."

Bibi Cleofas aligonga ukingo wa chungu kwa mwiko. Mafuta ya nguruwe yalikwisha kuyeyuka. "Kabla hayajaingia," alisema, "kuna mwenye hasira na mwenzake humu? Atoke akakae kisimani. Chungu hiki hakipendi hasira, marhamu yataharibika."

Wanawake walitazamana.

"Obdulia, je? Nasikia unapumua kwa pua."

"Nimkasirikie nani, bibi? Mtu humkasirikia kuku?"

Wanawake waliangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Nicanora, maana hakujua kuku ni nani. Akamimina kikapu.

Chungu kililia kama paka aliyekanyagwa. Mafuta yaliruka, povu likapanda, wanawake wakarudi nyuma wakijifunika nyuso kwa shali. Obdulia alinyoosha mkono kuushika mwiko, lakini Bibi Cleofas alimwahi, akautia mkononi mwa Nicanora.

"Koroga wewe uliye karibu! Na nyinyi semeni, nani kanidanganya?"

Macho yote yakamgeukia Obdulia.

"Jamani, msimtazame komadre wangu hivyo," Nicanora alisema huku akikoroga na jasho likimtoka. "Labda ana yake moyoni. Mjane huyu."

Huruma ile ilimuuma kuliko tone la mafuta.

"Hasira gani?" Obdulia alifoka. "Ni majani! Yana maji!"

Bibi Cleofas aligeuza sikio. "Yana maji? Mimi kipofu. Si wewe uliyeyatazama ukasema yamependeza?"

Chungu kiliendelea kulia. Obdulia alihesabu njia zake, akakuta zimebaki mbili. Aseme aliona akanyamaza, na atafukuzwa katika chama pamoja na jina lake, siku ambayo mwanawe mwenyewe anayangoja marhamu haya. Au akubali kwamba ana hasira, na mwenye hasira hutozwa faini ya kukichezea chungu ngoma mpaka kitulie.

"Basi," alisema, "nina hasira kidogo."

"Kichezee chungu, mwanangu. Kibembeleze."

Akacheza. Obdulia, ambaye hata harusini hukaa kitini akihukumu miguu ya wenzake, alishika ncha za sketi akakizunguka chungu cha mafuta ya nguruwe huku majuha wale wakimpigia makofi.

"Nyonga, Obdulia! Nyonga haijafa!"

"Kitabasamie! Hakipendi uso wa ndimu!"

Alizunguka, akazunguka tena. Na maji, kama maji yafanyavyo juu ya moto, yakawa yakikauka. Mlio ukashuka ukawa mnong'ono, povu likatua, mafuta yakatulia yakiwa na rangi ya dhahabu mbichi.

"Mmeona?" mmoja alipaza sauti. "Imemtoka!"

"Imemtoka yote," alisema Bibi Cleofas. "Na aliyekoroga ni nani?"

"Mimi, bibi," Nicanora akajibu.

"Basi mwiko umepata mwenyewe."

Walimkumbatia Nicanora. Naye alilia, bila shaka. Angelia hata kwa kupewa kitunguu. Kisha akafuta uso, akakitazama chungu, akatazama bonge la nta ya nyuki lililokuwa mezani, na furaha yote ikamwisha usoni. Akasogea karibu na Obdulia.

"Komadre," alinong'ona, "sasa natia nta, au?"

Majibu kumi na mawili yalimjia Obdulia mdomoni, yote matamu. Nje, darajani, mtu alikuwa akijaribu ngoma ya kesho.

"Chuja kwanza," alisema, akatwaa kitambaa na kukitandaza juu ya bakuli. "Nta baadaye. Mimina taratibu, mimi nimeshika."