Nzi wa Fahali wa Shikanga

Picha za nzi zililetwa mezani kabla sijamaliza obusuma wangu, ugali wa kwetu. Mjukuu wangu Mideva, aliyesomea wadudu chuoni mwaka huo wa tisini na sita, alizipanga kando ya sahani ya mboga. Zilikuwa zimetoka kuoshwa mjini Kakamega. Nzi wa kijani, anang'aa kama sufuria mpya, mdomo ameubandika kwenye nyama kama sponji yenye mate. Nikaisukuma sahani.

"Kukhu, usiangalie kama hutaki," akaniambia mimi bibi yake.

"Nimeshaangalia. Sema, fahali atapona?"

Fahali alikuwa wa mwanangu Shikanga, wa kupigana uwanjani Malinya. Alikuwa na kidonda chini ya pembe, kimejaa funza. Kuna nzi ambao funza wao hula uozo tu, na kuna wale wanaomla mnyama akiwa hai. Mideva alilinganisha picha alizotuletea Shikanga na zile za chuo, kwa lenzi.

"Hawa wote ni ukoo mmoja. Lakini huyu ana michoro myeusi mabegani, kwa hivyo ni wa uozo. Tunaweza kungoja."

Shikanga akafurahi. Mimi sikufurahi, maana harufu kutoka zizini ilikuwa inaniingilia mpaka kwenye chai.

Mideva akarudia picha ya mwisho. "Baba mdogo, fahali wako alikaguliwa lini na afisa wa nyama?"

"Nani?"

"Hapa pembeni kuna muhuri wa wino wa zambarau, ule wa kichinjioni."

Shikanga akajikuna shingo. Kwetu wenye mafahali hawapendi mgeni amwone fahali kabla ya pambano, sembuse kumpiga picha. Picha ikiwafikia wapinzani, watamfunga nguvu kwa uchawi. Basi alipopewa kamera na Mideva, alianika nyama ya buchari juani mpaka ikavunda, akawapiga picha nzi waliokuja.

"Nzi ni nzi," akasema.

"Nyama mbovu huita wake," Mideva akamjibu. "Wale wa nyama hai hawaendi huko. Fungua zizi."

Shikanga akafungua.

Nzi alikuwa ametulia ukingoni mwa kidonda, anataga. Mideva akaisogeza picha ya chuo karibu, akamtazama nzi, akaitazama picha. Mabega safi, hayana mchoro. Akachukua kibano. Funza walikuwa wamezamisha vichwa nyamani, mikia tu juu, wanapumua. Kila mmoja alitoka kwa mlio mdogo wa kunyonya, akaanguka kwenye mkebe niliokuwa nimeshika. Mmoja alinitambalia kidole gumba, mnene, vuguvugu. Shikanga akatapika kwenye migomba.

"Na pambano la Jumamosi je?" akauliza akijipangusa mdomo.

"Ataishi. Lakini ile pembe inalegea. Ukimpeleka uwanjani, unampeleka auawe."

Shikanga akapanda baiskeli kwenda Malinya kuwaambia waandaaji kwamba fahali hatakuja.

Mimi nikaachiwa mkebe. Nikawamwagia funza maji yanayochemka, na bado wachache wakawa wanapanda ukingoni.