Mashuka Juu ya Mayai ya Kasa

Haya alinisimulia mjukuu wangu mwenyewe, mwaka juzi wakati wa joto kali, siku aliyonirudishia mashuka yangu yamejaa mchanga mpaka kwenye pindo. Nilitaka kumgombeza. Nilipomsikiliza, nikayachukua nikayafua mwenyewe.

Kazini kwao usoni walimwita Daktari, kisogoni Mama Kivuli, na si kwa heshima. Alikuwa mtaalamu wa kitalu cha kasa, uwanja mdogo wa mchanga uliozungushiwa wavu, ambamo mayai yaliyookotwa mahali pa hatari hufukiwa upya mpaka yaanguliwe. Sasa kasa si kama kuku. Awe dume au jike, kinachoamua ni joto la mchanga. Mchanga wa wastani hutoa madume na majike. Ukiwa wa moto, majike watupu. Ukizidi hapo, hakitoki kitu. Na miaka hii mchanga umekuwa kikaango. Kila kitoto kilichokufa, Mama Kivuli alikipasua akachungulia ndani: jike. Kingine, jike. Msimu mzima hakuona dume hata la dawa.

"Mkuu, naomba kivuli kitaluni," akamwambia mkuu wa kituo.

Mkuu alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na roho nzuri, ila alikuwa na tabia ya kujibu kabla hujamaliza. "Kivuli cha nini? Si wanaanguliwa vizuri? Wageni wanapiga picha, wanapiga makofi."

"Wanaanguliwa majike watupu."

"Ubaya uko wapi? Mimi nina mabinti watano na nyumba inakwenda."

Mlinzi wa getini akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mabinti zako wanaolewa na watoto wa watu, Mkuu. Hawa je? Ufuo mzima una joto hilohilo. Waume watawatoa wapi, sokoni?"

"Basi, basi, Daktari. Nimekuelewa. Kivuli utakipata."

Kumbe kuelewa kuna namna nyingi.

Wakati huo mayai ya mwisho ya msimu yalikuwa yanaingia siku zake za katikati, na hizo ndizo zinazoamua. Zikipita zimepita, hata uyalaze kwenye barafu, jike ni jike. Katikati ya mambo hayo Mkuu akamtuma mjini kwenye mkutano. Aliporudi alimkuta Mkuu amesimama mlangoni mwa kitalu, mikono kiunoni, kama mtu aliyemaliza kujenga daraja. Nyuma yake mchanga wote ulikuwa umetandikwa nailoni nyeusi, imegandamizwa kwa mawe.

"Umetaka kivuli, nimekupa kivuli! Na mbwa hawafukui tena."

Mama Kivuli aliingiza mkono chini ya nailoni akauchomoa mbiombio.

"Mkuu! Nailoni nyeusi! Tena imelala juu ya mchanga! Si ungeyachemsha tu kwenye sufuria tukajua moja?"

"Kwani giza si kivuli?"

Alitaka kulia. Mtu mbaya ungemtukana ukapoa. Huyu alikuwa na malengelenge mikononi, mawe ameyabeba mwenyewe. Utamfanyaje? Akaing'oa nailoni peke yake, akachomeka kipimajoto mpaka usawa wa mayai. Bahati, ilikuwa imetandikwa asubuhi ileile. Joto lilikuwa njiani kuteremka, halijafika.

"Nataka kitambaa cheupe," akasema, "kining'inie juu, upepo upite chini yake."

"Stoo hakuna. Tuandike ombi makao makuu."

"Watakapotujibu, hawa watakuwa mabibi."

Ndipo alipokuja kwangu anahema. "Bibi, nipe mashuka meupe."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Bado."

Nikampa yote, nikabaki na lile nililolalia.

Kesho yake mchana aliyafunga kwenye miti ya wavu, yakatanda juu ya mchanga kama paa. Hajapangusa jasho, Mkuu huyo anakuja na viti.

"Daktari, wageni wanakuja leo. Hapa panaonekana kama watu wamefua! Yashushe saa moja tu, wapige picha."

"Hata dakika."

"Mimi ndiye mkuu hapa au wewe?"

"Ni wewe. Vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, Mkuu wangu, nakuomba. Kanyaga hapo juani."

Alivua ili yaishe. Alikanyaga, akaruka, akaita jina la mama yake, akakimbilia chini ya mashuka. Hapo akatulia. Akachezesha vidole vya miguu mchangani. Akavuta kiti.

"Tutalizungumza," akasema, sauti imelegea. "Ngoja kwanza nipate pumzi." Akaegemea, na kabla hajaanza kuzungumza akaanza kukoroma.

Mlinzi akasogea. "Nimwamshe? Wageni watafika."

"Mwamshe uone. Nitakufukia na wewe humo."

Mlinzi akacheka, akatafuta upenyo wa kivuli, akajilaza. Punde kofia ikamwangukia usoni.

Mama Kivuli akabaki macho, moyo haujapoa. Hata akifaulu, nani atajua? Vitoto vya kasa vilivyo hai, dume na jike, huvitofautishi kwa macho, na mpaka wakue watafute wenza, Mkuu atakuwa amestaafu zamani na mimi bibi yake nimeshazikwa. Msimu ujao ataanza upya, kuomba kilekile kwa watu walewale. Akachungulia kipimajoto: kilikuwa kimeshuka, kidogo tu. Akachukua kamba ya shuka la pembeni akajifunga mkononi, ili atakayeligusa amwamshe. Akalaza kichwa kwenye mchanga, upande ule wenye mayai, na usingizi ukampitia.