Viti vya Karibu na Spika

Kosa la viti lilikuwa langu, nalikiri. Nilipokwenda kukata tiketi za onyesho la Babu Gitaa, nilimwambia karani nataka zile za karibu kabisa na spika. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu ninao, tena kwa sauti ya juu, maana kwetu hatujui sauti nyingine. Miaka thelathini na mitano ya kunyoosha bodi za magari kwa nyundo imemmaliza Baba masikio, nasi tumeishi tukiamini dawa ya uziwi ni kuongeza kelele.

Ila kelele zilikuwa zimeanza kutushinda. Mwaka mzima Baba alikuwa akila haraka haraka, ananawa, anaondoka mezani. Mwanzoni alikuwa akicheka tukicheka, hata kama hajui tunacheka nini. Kisha hata hilo akaliacha. "Ongeeni tu," anasema, "mimi nimeshiba." Nilikuwa nampoteza baba yangu ndani ya nyumba ileile, na iliniuma sana. Babu Gitaa ndiye aliyekuwa mwanamuziki wao, yeye na Mama, tangu ujana. Nikajiambia, kama ipo sauti itakayomrudisha, ni hiyo.

Saa tisa alasiri tukaketi uwanjani wote wanne: Baba, Mama, Kaka anayefanya kazi na Baba gereji, na mimi. Spika zilikuwa ndefu kuliko kabati la Mama, zimepandana moja juu ya nyingine. Babu Gitaa akapanda jukwaani na koti lake la ngozi, miaka sabini na mitatu, nyonga moja imegoma, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Akalipiga gitaa mara moja tu.

Baba akajishika kichwa. Baadaye alitueleza kwamba masikio yaliyokufa hayasikii muziki, ila maumivu yanayasikia vizuri sana. Wakati ule tulichoona ni uso uliokunjamana, kisha Baba anainuka na kutafuta njia ya kutokea.

"Baba, kaa!" nikapiga kelele, na sikujisikia mwenyewe. Mama akamvuta shati huku akisema kitu. Kaka naye akasema kitu, nikamwuliza "Nini?", naye akaniuliza mimi "Nini?" Baba akasimama akitutazama. Watu watatu, vinywa wazi, hakuna anayemsikia mwenzake.

Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Alicheka mpaka akaketi mwenyewe, akaingiza mkono kwenye mkoba wa Mama, ambaye hatembei bila pamba, akajiziba masikio, kisha akatugawia na sisi. Halafu akamgeukia Kaka, akapiga kiganja mara mbili na kugeuza dole gumba. Kaka akamjibu kwa vidole viwili. Mama akaangua kicheko.

Kumbe gereji wana lugha yao. Nyundo nne zikilia kwa pamoja, nani atasikia neno? Husemezana kwa mikono: lete, shika hapa, bado, imebonyea, rudia. Mama aliijua tangu siku za mwanzo za ndoa, alipokuwa akimshikia Baba mabati. Kaka aliitumia kutwa nzima, ikifika jioni anaivua pamoja na ovaroli. Hakuna aliyewahi kufikiria kuileta mezani. Werevu wetu huo, Mungu atusamehe.

Basi pale penye watu elfu arobaini wasiosikiana, Baba akawa ndiye msemaji. Akaionyesha nyonga ya Babu Gitaa, kama nilivyoelezwa baadaye: imebonyea, ilete gereji. Akamwonyesha mpiga ngoma: bado, bado, rudia. Mama machozi yakamtoka kwa kucheka. Mimi sikuambulia kitu. Nageuka huku, nageuka kule, nacheka kwa sababu wao wanacheka, na hapo ndipo nilipojua Baba amekuwa akiishi vipi.

Akaniona. Akanishika mkono, akanikunja vidole kimoja kimoja. Hivi ni lete. Hivi ni bado. Hapana, dole gumba ndani. Kufikia wimbo wa sita nilikuwa nimeshaweza kumtania Kaka.

Onyesho likaisha saa kumi na mbili. Tulipofika kwenye maegesho tukatoa pamba, na hofu ikanirudia. Mama na Kaka walianza kuzungumza habari za foleni, nikaona Baba ameshaanza kutazama pembeni. Nikamgusa bega. Nikamfanyia kwa mkono: shika hapa. Ndilo neno nililokuwa nalo lililokaribia nililotaka kusema.

Akanigeukia. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake isiyojua kipimo, mpaka watu wa magari ya jirani wakageuka:

"Siku ile mama yenu alicheka mpaka akamwaga chai. Mlikuwa mnacheka nini?"

Ilikuwa imepita miezi minane. Miezi minane yote alikuwa anatembea na swali hilo. Mama akajiziba mdomo. Kaka alikuwa amefungua mlango wa gari, akaufunga tena. Nami, kwa maneno yangu saba ya gereji na vidole vyenye kigugumizi, nikaanza kumsimulia tangu mwanzo.