Tairi Halilazwi Hospitali

Simu ya shemeji iliingia saa nne asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya pampu namba tatu, spana mkononi, nikimlaani aliyeifunga kwa haraka. Shemeji yangu ni mtu wa maneno. Hata akitaka kuazima ngazi, huanza na habari za kuku. Siku hiyo hakunisalimia.

"Njoo hospitali. Kitinda kichwa kinampasuka, na haoni vizuri."

Kitinda, mke wake, ni kitindamimba wetu. Wazazi walituacha mapema, nikamlea mimi kwa kuchomelea mageti, miaka mingi kabla sijaingia chuo kikuu na kipara changu, nikakaa darasani na watoto walioniita babu. Nilipohitimu, yeye ndiye aliyelia zaidi. Tangu hapo, nikisema mvua itanyesha, anaanua nguo bila kutazama mbinguni.

"Dawa za presha anameza?" niliuliza, na jibu nalijua.

"Shemeji, tangu hotuba yako zimo kabatini. Wiki ya tatu hii."

Nilitoka chini ya pampu, nikajigonga paji la uso, wala sikusikia maumivu.

Hotuba yenyewe niliitoa kwenye ukumbi wa chama chetu cha wahandisi, nikivunja nadharia ya madaktari kuhusu presha. Nilichukua kipimo cha mia na themanini, kile kinachowatisha watu, nikakigeuza kwa vipimo vyetu vya mabomba. Kikatoka kidogo mno. "Ndugu zangu," nikasema, "tairi la gari dogo lina presha mara tisa ya hiyo, na sijasikia tairi limelazwa!" Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwalimu mmoja wa baiolojia akanyoosha mkono, akasema mshipa ni kitu hai, unachoka, unanenepa, unapasuka kwa sababu ambazo bomba halinazo. Nikamuuliza, "Mwalimu, umewahi kubuni bomba hata moja?" Akakaa. Watu wakapiga makofi. Kitinda alikuwa safu ya mbele, na alipiga makofi kuliko wote.

Niliendesha gari na ovaroli ya kazini, grisi hadi viwikoni. Kwenye kila taa nyekundu niliipitia hesabu yangu upya, nikiomba nipate kosa. Sikulipata. Hesabu ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililonitoa kijasho chembamba: kama hesabu ni sahihi na mdogo wangu anakufa, basi sielewi chochote.

Nilimkuta amelala, macho wazi, akiitazama dari kana kwamba dari iko mbali sana. Mashine kando yake ilisoma mia mbili na kumi. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alikuwa akiandaa sindano.

"Nani alimwambia aache dawa?"

Shemeji akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Mimi," nikasema.

"Wewe ni daktari?"

"Mhandisi. Wa pampu za maji."

Aliitazama grisi yangu, kisha akauliza tu: "Aliacha siku gani? Alikuwa anameza zipi?" Angenitukana, ningepumua. Hakuwa na nafasi ya kunitukana.

Daktari aliposhika mkono wa Kitinda, Kitinda akauvuta.

"Sitaki. Kaka yangu alishapiga hesabu. Kaka, si uko hapo? Mwambie ile ya tairi."

"Mama, tulia," daktari akasema.

"Huyu si mtu wa mtaani, ana digrii! Kaka, mwambie!"

Daktari akanigeukia. "Injinia, sina muda. Ongea naye."

Nikamwinamia sikioni.

"Kitinda, nilikosea."

"Hesabu ilikuwa na makosa?"

"Hesabu haikuwa na makosa. Nilipiga hesabu ya bomba. Wewe si bomba."

"Basi niambie wewe. Hii sindano itanisaidia?"

Nilitamani kusema ndiyo, kwa ile sauti yangu ya ukumbini. Angeniamini, na kesho angemwamini mwingine mwenye sauti kama hiyo.

"Sijui, mdogo wangu. Anayejua ni huyu daktari. Msikilize yeye."

Tangu azaliwe hakuwahi kunisikia nikisema sijui. Niliona hofu ikimpanda usoni.

"Kaka akiwa hajui, basi nakufa," akasema, na kulia kama mtoto. Lakini mkono aliunyoosha. Si kwangu. Ulipapasa hewani mpaka ukampata daktari.

Dawa ikaanza kuingia, tone kwa tone. Nilimwomba daktari aiongeze kasi. Kazini presha ikizidi tunafungua vali yote, inashuka papo hapo.

"Nikiishusha ghafla, ubongo utakosa damu," akasema bila kugeuka. "Naomba usiguse kitu."

Nikaificha mikono yangu kwapani. Nilikuwa nimeshaitazama ile klipu inayobana mpira wa dawa, nikiwaza jinsi ya kuilegeza.

Tulikaa. Mia mbili na tano. Mia mbili. Mia na tisini na tano.

"Hiyo ni nzuri?" nikauliza.

"Ni mwanzo. Macho yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi. Kikibadilika chochote, niite." Akavuka kwenda kwa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikaushika mkono wa Kitinda. Ulikuwa baridi. Akageuza kichwa upande wa mlango, ambako hapakuwa na mtu.

"Kaka, mbona umesimama mbali hivyo? Njoo karibu."

Zamani ningekuwa na maelezo ya jambo hilo. Nilimwita daktari kwa sauti yote niliyokuwa nayo.