Mlango wa Buluu

"Mchwa? Mchwa gani hao, shemeji, wanaokula rangi wakaacha mbao?"

Mama Cherehani alisimama katikati ya ua, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na sauti yake ilishavuka kuta mbili. Shemeji yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti, hakuinua macho kutoka kwenye brashi. Mlango wake, wa buluu tangu ujana wake, sasa ulimeremeta kahawia, rangi bado mbichi.

"Punguza sauti. Ni mlango tu."

"Mlango tu! Marehemu kaka yako angekusikia angefufuka akuzabe kofi, kisha arudi kulala."

Haukuwa mlango tu, na Mwenyekiti alilijua hilo kuliko wote. Serikali ilipofunga kiwanda cha pamba na kuzihamishia mashine mji mkuu, yalibaki mapipa ya rangi ya buluu ya mashine. Kaka yake akapaka mlango wake, wenzake wa kiwandani wakafuata, na chama cha jimbo kikazaliwa kabla hata hakijapata katiba. Hakikuwahi kutawala. Ila kila serikali iliyopungukiwa kura ilikuja kukibembeleza, na kwa mabembelezo hayo jimbo likapata lami na hospitali. Na mtu wa jimbo akipatwa na shida, popote alipo, alijua la kufanya: tafuta mlango wa buluu, bisha, hufukuzwi.

Juzi tu chama kikubwa kilikimeza kile kidogo. Mwenyekiti aliunyoosha mkono juu kukubali pamoja na wenzake, akaahidiwa kiti kwenye bodi ya maji. Mtaani hakumwambia mtu.

"Wamekuahidi nini?" Mama Cherehani aliuliza, sasa taratibu, na upole ule ulimuuma Mwenyekiti kuliko makelele.

Kabla hajajibu, mzee mmoja akaingia uani, vumbi hadi magotini. Akautazama mlango wa kahawia, akaupita.

"Hodi jamani. Namtafuta Mwenyekiti wa chama chetu. Wapimaji wamepigilia vigingi shambani kwangu, mwanangu kaving'oa, polisi wamembeba. Nimeelekezwa hapa, mlango wa buluu wa kwanza."

Rangi ilidondoka kutoka kwenye brashi ikatua juu ya kiatu.

"Alihama," Mwenyekiti akasema. "Mimi fundi rangi tu."

Akamtazama shemeji yake, akingojea kuanikwa. Mdomo ule uliweza kumaliza sifa za mtu kati ya bombani na dukani. Lakini Mama Cherehani akaanza kuikunja futi yake.

"Basi pole na kazi, fundi," mzee akasema. "Umepaka vizuri."

Mwenyekiti alitamani mzee amtukane.

"Ingia, baba," Mama Cherehani akamwambia mgeni, akiusukuma mlango wake wa buluu. "Kula kwanza. Wa kukusindikiza polisi tutamtafuta."

Mwenyekiti alibaki kwenye bomba la uani akisugua vidole. Kahawia ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kucha. Akasugua, akaacha, akaenda mpaka kizingitini kwa shemeji yake, asithubutu kuvuka.

"Mzee, sikuhama. Mwenyekiti ni mimi. Polisi nitakwenda na wewe."

Mzee aliacha kutafuna. Akamtazama usoni, akaziangalia zile kucha, kisha akageuka kuangalia ule mlango wa kahawia ng'ambo ya ua. Mama Cherehani hakumsaidia yeyote.

Mwishowe mzee akasogea pembeni, akaisukuma sahani katikati ya meza.

"Karibu ndani, Mwenyekiti. Tule."