Wimbo Uliosahihishwa

Kama umewahi kuhudhuria harusi yoyote kati ya Mafinga na Tunduma, wimbo wetu umeucheza. Usibishe. Bibi harusi anaingia, besi inaanza kuruka kama mbuzi aliyekata kamba, tarumbeta zinaitikia, na shangazi mwenye goti bovu anasahau goti. Kisha ukumbi mzima unapokea: "Sina mahari ya kuanzia! Sina mahari!" Wajomba wanapunga leso. Hata mchungaji anatikisa kidole kimoja, kwa siri, chini ya meza.

Hiyo besi ni mimi, Gwakisa. Besi nimeipiga miaka ishirini, na maisha yamenipiga hamsini na mbili, kwa hiyo tumeshazoeana. Ninachotaka kusema ni kwamba neno hilo mnaloliimba kwa kelele namna hiyo si neno la wimbo ule. Ni neno lililoharibiwa. Na aliyeliharibu ni mimi, nikisaidiwa na mtu mwenye elimu.

Wimbo ni wa Esnath.

Mwaka 2006 tulikuwa na bendi pale Uyole, watu watano wenye vyombo vya watu watatu. Tulipiga fanki, ule muziki wa Kimarekani unaoongozwa na besi. Hakuna mtu wa Uyole aliyekuwa ametuomba fanki. Mpiga ngoma wetu alipewa kaseti na dereva wa lori la Zambia, akaugua, akatuambukiza wote. Madereva walitupenda. Wenyeji walikuwa wakituuliza, kwa heshima kabisa, muziki wenyewe mtaanza saa ngapi.

Esnath alikuja kwetu na begi moja, akitokea Chunya. Mumewe alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, shimo likamwangukia. Matanga hayajaanuliwa, shemeji yake, Anania, akamwambia kwamba nyumba ni ya ukoo, shamba la tumbaku ni la ukoo, na yeye si wa ukoo. Nyumba hiyo Esnath alikuwa amefyatua matofali yake kwa mikono yake miwili, mimba ikiwa tumboni. Mimba ikatoka, nyumba ikabaki. Sasa anaambiwa atoke na yeye.

Akaja mazoezini akasimama mbele yangu. "Wewe wa besi, nipigie kitu chenye hasira, lakini kichezeke."

Nikampigia noti nne, ya tano nikaiacha inaning'inia. Akaimba:

Wamenitoa mahali,
sina mahali ya kuanzia.

Najua. Mwenye shule yake atasema ni mahali *pa* kuanzia. Lakini huku kwetu Kiswahili kilitufikia kikiwa kimechoka na safari. Tunasema mahali ya, kitu ya, mtoto ya, na maisha yanaenda. Tuliurekodi kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, na bado ukisikiliza vizuri kaseti ile unasikia malori yakibadilisha gia. Ilipigwa kwenye malori matatu hivi. Basi. Lakini kila aliyeisikia alijua mwanamke huyu amefukuzwa, na alijua waliomfukuza wanastahili nini.

Miaka sita baadaye bendi ilikuwa imevunjika mara mbili, mimi nikiwa Iringa. Huko nikakutana na Kasian, prodyuza ambaye kwao ni upande wa Tosamaganga, na ambaye kabla ya studio alifundisha Kiswahili sekondari. Tulimwita mwalimu hata akiwa amevaa spika za masikio. Alipoisikia kaseti alitaka tuurekodi upya, kwa gitaa zuri na ngoma zinazosikika. Nikampigia simu Esnath. Alikuwa anamuuguza mama yake, hawezi kusafiri.

"Imbeni," akasema. "Mradi mniimbie vilevile."

Kasian akasikiliza kaseti mara tatu, akatikisa kichwa.

"Gwakisa, huyu dada ni Mnyakyusa?"

"Mnyakyusa, mwalimu. Kama mimi."

"Nilijua! Nyie r hamna. Anasema mahali, anakusudia mahari. Sikiliza: wamenito*lea* mahari, sina mahari ya kuanzia. Ni wimbo wa posa huu! Watu wanakwenda kupiga kula, wanamaanisha kura. Ndiyo hiyohiyo."

"Mwalimu, nadhani ni mahali. Mahali pa kukaa."

"Ee! Umeona? Wewe mwenyewe umesema *pa*. Yeye kasema *ya*. Ingekuwa mahali angesema pa. Sarufi haidanganyi, ndugu yangu."

Mimi habari ya Chunya nilikuwa naijua yote. Nilikuwa najua hata idadi ya madirisha ya ile nyumba. Lakini niliposikia sauti ile ya mwalimu nilirudi darasa la tatu palepale, nimenyoosha kiganja. Nilichapwa kwa rula kwa sababu nilisema lula. Mtu aliyechapwa kwa rula kwa sababu ya lula hawezi kubishana na mwalimu kuhusu r. Nikasimama kwenye maikrofoni nikaikaza ile r kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mahari! Kasian akaninyooshea dole gumba. Nilijisikia msomi.

Wimbo ukaingia redioni. Esnath alikuwa sokoni Uyole anapanga viazi, redio ya jirani ikaupiga. Simu ikaja kabla wimbo haujaisha.

"Gwakisa. Mahari ya nani?"

"Dada Esnath, ni mambo ya prodyuza, unajua tena hawa—"

"Mimi nilikwambia natafuta bwana?"

Akakata. Na mimi, mwoga wa ukoo bora, nikaliacha likae hivyo: ni prodyuza, mimi sikujua, mimi ni besi tu.

Toleo la tatu lilikuja 2019, na hilo ndilo lililotumaliza. Tekla, mama anayepiga tromboni kwenye tarumbeta za usharika wake pale Iringa, aliupenda, akaleta wenzake sita na midomo yao. Mwendo ukaongezwa. Kiitikio kikapewa vigelegele. Tangu siku hiyo hakuna bibi harusi aliyeingia ukumbini bila wimbo wetu. Wanakwaya wenzake Esnath wakamwita Bibi Mahari. Akiwaeleza, wanacheka: "Acha hizo, shoga, wote tunataka kutolewa!"

Halafu Anania akamwozesha kijana wake. Video ilisambaa kwenye simu, Esnath akaja nayo hadi Iringa, safari nzima, ili tu niiangalie mbele yake. Ni uani, Chunya, vumbi jekundu, turubai. Shemeji Anania amevaa suti, anazungusha kiuno: sina mahari, sina mahari! Nyuma yake nyumba. Matofali yaleyale. Waliupiga wimbo mara tatu.

"Wanacheza kilio changu," Esnath akasema. "Wamesimama kwenye matofali yangu, wanacheza kilio changu, na wameona ni kizuri."

Nikajaribu utani, ndiyo dawa yangu ya kila ugonjwa. "Angalau kiuno chake hakiendi na besi."

Aliniangalia. Nikajifunza kwamba utani una mpaka, na mpaka wake ni pale.

Mwaka huu Jofrey akatupigia simu. Ni kijana wa Mbeya, nyota, nyimbo zake zinapigwa hadi kwenye saluni za watoto. Anataka rimiksi, na anataka waliouanza wote. Tukakutana studio mjini Mbeya saa nne asubuhi: mimi, Esnath, Tekla na tromboni yake, na Kasian aliyekuja kwa basi akiwa amechomekea shati kama anakwenda kusimamia mtihani.

Esnath hakukaa. "Naimba mahali, au siimbi."

"Maza, nakuelewa," Jofrey akasema. "Lakini watu wanaijua mahari. Nikitoa mahali watasema Jofrey hajui Kiswahili. Watanichana mtandaoni hadi nihame nchi."

"Na hasa ukisema mahali *ya*," Kasian akachomekea. Hakuweza kujizuia. Ni maradhi.

Esnath akamgeukia. "Mwalimu, uliponisahihisha, uliniuliza?"

"Mama, nilikuwa nasahihisha lugha. Sikukusahihisha wewe."

"Lugha ndiyo iliyofukuzwa Chunya?"

Kasian akashtuka. "Chunya? Mimi habari za Chunya sizijui. Gwakisa hakuniambia."

Chumba kizima kikanigeukia. Hata mashine ile ya kurekodi, naapa, taa yake ilinigeukia.

"Gwakisa," Esnath akasema polepole, "miaka yote hii umeniambia hukujua watabadilisha neno."

"Nilijua, dada."

"Ulijua, na ukaimba."

"Nilimwambia ni mahali. Mara moja. Halafu akasema sarufi, nikaogopa r."

Tekla akacheka, akaziba mdomo kwa kitambaa cha tromboni. Esnath hakucheka.

"Anania alinitoa nyumbani kwa sababu alitaka nyumba," akasema. "Mwizi namwelewa. Wewe ulinitoa kwenye wimbo wangu kwa sababu uliona aibu ya herufi! Mimi niliwafanya nini nyinyi? Kila mtu akiona kitu changu ananitoa kwanza, halafu anacheza!"

Sijawahi kupata kipigo kama hicho, na mimi nimepigwa na wataalamu. Nikalichukua gitaa langu nikalilaza kwenye boksi. "Jofrey, bila mahali, besi haipo."

"Uncle, besi naweza kuipiga kwenye kompyuta."

"Ipige."

Akaipiga. Noti nne zilikuwepo. Ile ya tano, inayotakiwa kuning'inia, kompyuta ikaikalisha chini kwa adabu. Ikatoka kama mbuzi aliyesimama foleni. Jofrey mwenyewe akaizima, akajikuna kisogo.

Tekla akataka kuleta amani. "Lakini dada Esnath, tusigombane. Kwani mahari hukutolewa?"

"Nilitolewa. Ng'ombe wanne, na blanketi la bibi."

"Basi neno lenyewe si uongo sana."

Nikafumba macho nikisubiri tromboni ipae. Esnath akapiga hatua moja kuelekea kwa Tekla. "Ndiyo, walitoa! Walitoa mahari kwa vigelegele, wakanipeleka kwao kwa nyimbo, nikawajengea, halafu mkono uleule uliotoa mahari ndio ulionitoa mahali!"

Kisha Kasian, kwa sauti ndogo, macho yamemtoka: "Mama. Hiyo. Hebu irudie."

Jofrey alikuwa tayari amebonyeza kitufe. Nikalitoa gitaa kwenye boksi kwa haraka hata nikajigonga kidevu. Noti nne. Ya tano ikaning'inia. Esnath akaisogelea maikrofoni kama mtu anayekwenda kumkaba mtu koo:

Mlitoa mahari,
mkanitoa mahali.

"Umesema *mli*," Kasian akamnong'oneza. "Mwanzo ilikuwa wao. Wame-."

"Nimesema mli. Wanaambiwa wenyewe."

"Na ule mstari wako wa zamani... samahani, mama, sikusahihishi, nakuomba tu. Ukisema sina mahali *pa* kuanzia, hakuna mwalimu duniani atakayeigeuza tena mahari. Ile pa itakuwa kufuli."

Esnath akairekebisha maikrofoni. "Naichukua hiyo pa. R yako chukua uende nayo."

Tukaurekodi mara kumi na moja. Tekla akazipunguza tarumbeta hadi zikawa zinaguna tu, kama watu wanaojua jambo. Jofrey alikuwa ameandika ubeti wa mzaha kuhusu ng'ombe na mkopo wa harusi. Aliusoma moyoni, akaikunja karatasi, akaomba aachiwe kuitikia tu. "Mlitoa," anasema nyuma ya Esnath, chini kabisa, "mlitoa, mlitoa." Mpaka inafika mahali hujui kinachotolewa ni nini.

Mimi Esnath hakunisamehe siku ile. Aliniambia nimpigie besi, nikapiga.

Wimbo ulitoka mwanzoni mwa Juni, harusi zimepamba moto. Mshereheshaji mmoja wa Mafinga aliuweka bila kuusikiliza. Bibi harusi akaingia, besi ikaruka, ukumbi ukapokea "mlitoa mahari!" kwa shangwe, halafu mstari wa pili ukashuka. Nasikia akina mama wa meza za nyuma ndio walioendelea kuimba. Walisimama, wakaimba wote, wakiutazama upande wa bwana harusi. Mshereheshaji akakimbilia kuzima, na walipozimiwa wakaimba bila muziki.

Jumanne iliyopita tulikuwa mazoezini Uyole, mimi na Esnath, simu yangu ikaita. Ni Anania. Nikaweka sauti ya nje.

"Gwakisa, mmeuharibu wimbo wetu."

"Wenu?"

"Wa harusi zetu. Umepigwa huku minadani, watu wanageuka wananiangalia mimi. Hata watoto! Nami mwezi ujao naozesha binti. Nitumieni ule wa zamani."

Nilikuwa na majibu manne mazuri, moja lilikuwa linahusu kiuno chake. Esnath akaninyang'anya simu.

"Shikamoo, shemeji. Ni Esnath."

Upande wa pili tukasikia kuku, na mtu akikohoa.

"Ule wa zamani ndio huu," akasema. "Usihangaike kutumiwa, nitakuja kukuimbia mwenyewe harusini. Niambie tu, nikifika Chunya, mmeniandalia chumba kipi cha nyumba yangu?"

Kuku wakaendelea. Anania hakujibu, na hakukata pia. Nadhani aliona aibu ya kukata. Esnath akaiweka simu juu ya spika, ikiwa hewani vilevile, akanipa ishara kwa kidevu.

"Anza," akasema. "Na usikimbie, anatusikiliza."