Makochi Yaliyopinduliwa

Siku Bi Springi alipoiona sura ya kaka yake mtandaoni, alikuwa amebana sindano kwa meno, na ni bahati tu kwamba hakuimeza. Wifi yake, mke wa huyo huyo kaka, ndiye aliyemletea simu mchana pale kwenye karakana ya makochi, akamwekea chini ya pua.

"Hebu jionee tovuti mpya ya kaka yako."

Kaka mtu amekaa katikati ya kochi la kijani, amekunja nne, meno yote nje. Chini ya picha pameandikwa kwa kujidai: Kazi ya mikono yangu.

Bi Springi akatoa sindano mdomoni. "Mikono yake ipi?"

"Ndilo swali nililokuja nalo," wifi akajibu. "Mimi ndani ya nyumba sijawahi kuiona ikifanya kazi."

Kochi lile la kijani Bi Springi alikuwa amelimaliza juzijuzi tu, na vidole vilikuwa bado vinamuuma. Karakana waliachiwa na baba yao, wote wawili. Baba aliwafundisha wote, lakini kaka mtu alichoka mapema. Springi zilimshinda, akiikaza hii ile inachomoka. Basi akajichagulia kazi za mbele: kupokea wateja, kupokea simu, kupokea sifa, na kuyakalia makochi apigwe picha. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti, naye kwa kuvimba kichwa akadhani ni heshima. Dada mtu alibaki nyuma ya pazia na nyundo yake, vumbi la sponji limemkaa kwenye nyusi, na miaka ikaenda hivyo. Kwa wateja alikuwa yule mama wa huko ndani, kama walijua kuna mtu huko ndani.

Akapiga moyo konde, akamfuata kaka yake mezani kwake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeiona tovuti?"

"Nimeiona. Niandike na mimi humo. Jina langu tu, kwamba ndiye fundi."

Mwenyekiti akajinyoosha. "Mdogo wangu, hayo ni mambo ya kitaalamu. Mtaalamu aliyeitengeneza ndiye mwenye funguo. Hata mimi nikitaka kubadilisha neno moja lazima nimtafute, na siku hizi hapokei simu. Halafu wateja hawapendi kuchanganywa. Wanataka kuona sura moja."

"Na sura hiyo ni yako."

"Sasa tuweke yako, na hilo vumbi?" Akacheka. Akacheka kwa raha zake, akijipiga paja.

Jamani, kuna vicheko ambavyo mtu husamehe. Hiki Bi Springi hakukisamehe. Damu ilimchemka mpaka masikio yakapata moto. Akarudi nyuma ya pazia, akagonga misumari kama anayepigana na adui, akajiapia kwamba atatengeneza tovuti yake mwenyewe, aweke jina lake, na atakayenuna anune.

Shida ilikuwa moja: hakujua hata pa kuanzia. Simu yake aliijua kwa kupiga, kupokea, kutuma salamu na kupiga picha. Basi. Kompyuta aliwahi kuifuta vumbi tu.

Siku ya mapumziko wifi yake akamfuata nyumbani na kompyuta yake begani. Alikuwa karani wa zahanati, mtu wa kuandika haraka na kusema haraka zaidi.

"Huogopi mumeo akijua?" Bi Springi akamuuliza, akimsogezea kiti.

"Mimi nimeolewa naye, sijaolewa na uongo wake. Fungua dirisha, tuanze."

Programu ya kwanza waliyoifungua ndiyo wataalamu wote walikuwa wakiisifia. Wifi alisema inaweza kila kitu. Inaweza, kweli. Kabla hata ya kumuuliza mtu jina lake, ilitaka kujua seva iko wapi, toleo la ngapi, na msimbo utabandikwa wapi. Bi Springi akaitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia na viatu hadi chumbani.

"Hii inasema nini?"

"Hata mimi sijui, wifi."

"Basi tusidanganyane. Mimi nataka kuonyesha makochi, sitaki kujenga bandari. Funga."

Ya pili ilikuwa ya bure, nayo ilikuwa na haraka. Ukibonyeza hapa, ukurasa unatokea. Ukibonyeza pale, rangi inabadilika. Bi Springi akaanza kutabasamu. Akaweka picha ya kochi moja, akarudi nyuma aitazame vizuri. Ndipo juu ya kochi lake pakajitokeza tangazo kubwa, linamwekamweka: viti vya plastiki, punguzo la bei.

"Loo! Plastiki?" Alisimama kabisa. "Plastiki juu ya kochi langu?"

"Ndiyo maana ni bure. Wao nao wanatafuta riziki kwenye ukurasa wako."

"Wakatafute kwingine! Ifunge kabla sijaitupa dirishani."

"Kompyuta ni yangu, wifi."

"Basi ifunge wewe, haraka!"

Wakacheka mpaka machozi, wakanywa chai, wakaendelea. Walifungua nyingine na nyingine. Moja ilikuwa nzuri lakini haikubali kufanyiwa kazi kwa simu. Nyingine ilimletea kurasa zilizopangwa tayari, zote za mikahawa na wapiga picha za harusi. Jua lilikuwa limeanza kulegea walipofika kwenye moja isiyo na mbwembwe. Ukurasa mweupe. Hapa weka picha, hapa weka maneno, hapa namba ya simu. Ukitaka kitu kihame, unakiburuta kwa kidole. Ada yake ilikuwa ndogo, na matangazo ya watu haikuwa nayo.

Wifi akataka waanze kuandika. Bi Springi akakataa. Kwake yeye kochi geni halikaliwi kabla halijapinduliwa, na kitu hiki nacho alitaka kukipindua kwanza. Akachukua simu yake yenye ufa, akaifungua ile programu humo. Ikafunguka. Akaweka picha, akaiondoa, akaiweka mahali pasipofaa, akaandika upuuzi, akaufuta. Akavuruga kila kitu kwa makusudi kisha akatafuta njia ya kurudi, na njia ilikuwepo, mshale mdogo kwenye kona.

"Nikitaka kubadilisha neno, namwita nani?"

"Humwiti mtu."

"Nikigombana na hawa wenye programu, picha zangu wanabaki nazo?"

Wifi akasoma kidogo. "Unazichukua zote unaondoka."

"Hii," akasema Bi Springi. "Hii ndiyo yangu."

Sasa picha. Hapo ndipo alipofanya kituko ambacho muuza duka yeyote wa makochi asingekifanya hata kwa kulazimishwa. Picha zote za Bi Springi zilikuwa za makochi yaliyopinduliwa. Miguu juu, tumbo wazi, springi zimepangwa, mikanda ya gunia imesukwa, mafundo yamejipanga mstari. Hakuna mto hata mmoja. Hakuna kitambaa cha maua.

"Wifi yangu," mke wa Mwenyekiti akasema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "watu wanataka kuona pa kukalia."

"Pa kukalia kila mtu anaweza kupapamba. Mimi kazi yangu iko huku chini."

"Watakucheka."

"Wacheke. Nimeshachekwa na mmoja, wengine watanifanya nini?"

Chini ya picha ya kwanza akaandika polepole, kwa kidole kimoja: "Fundo la mwisho huwa nalifunga kwa uzi mwekundu. Ukiliona kwenye kochi lako, jua limepita mikononi mwangu." Akaweka namba yake. Akaweka jina lake kamili, lile ambalo watu wengi walikuwa wamesahau kwamba analo. Kisha akabonyeza kuchapisha, akatuma kiungo kwenye kundi la familia.

Walimcheka, na wala si kidogo. Shangazi aliuliza kama kumepita kimbunga. Binamu mmoja alitaka kujua ajali imetokea barabara gani na kama kuna majeruhi. Mwenyekiti mwenyewe alituma vikaragosi vya kucheka vikajaza kioo chote, kisha akaandika, "Mwacheni, ndiyo anajifunza." Bi Springi alisoma yote akameza mate machungu. Asiseme mtu kwamba hakuumia. Aliumia. Lakini hakuondoa hata picha moja.

Kesho yake, akiwa kazini, simu ikalia ujumbe. Muuza dawa wa mtaa wa pili alikuwa amelipindua kochi lake sebuleni, amepiga picha. Katikati ya vumbi na kijiko kilichopotea zamani, fundo jekundu. "Kumbe ni wewe, mama? Kochi hili tumelikalia tangu mwanangu anatambaa, na siku zote tunamshukuru kaka yako."

Bi Springi akakaa chini kwenye gunia la sponji. Kabla hajapata la kujibu, msusi akatuma picha ya fundo la benchi lake la saluni. Kisha jirani. Kisha mtu asiyemjua kabisa. Jioni, kwenye kundi la familia, yule yule shangazi wa kimbunga akatuma picha ya miguu ya kochi ikitazama dari, na neno moja tu: "Mwanangu!" Kila aliyetuma aliombwa ruhusa, na kila aliyeruhusu picha yake ikapanda kwenye ukurasa. Bi Springi alizipandisha mwenyewe, amesimama, nyundo kwapani.

Asubuhi iliyofuata Mwenyekiti akaingia nyuma ya pazia, mahali ambapo hakuwa amepakanyaga kwa miezi. Mke wake alimfuata nyuma, akasimama mlangoni.

"Kinyozi kaniuliza mbele za watu mimi kazi yangu hasa ni nini," akasema Mwenyekiti.

"Ukamjibuje?"

"Usinitanie! Ukurasa ule ufute. Sasa hivi."

"Sifuti."

"Mimi ni mkubwa wako!"

"Ukubwa wako nauamkia kila asubuhi, kaka. Kazi yangu sikupi."

"Basi sikiliza. Ufute, au karakana hii kuanzia leo utaisikia kwa majirani."

Bi Springi akaogopa. Karakana ndiyo maisha yake yote. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka. Harufu ya gundi na gunia ndiyo ilikuwa harufu ya baba yake. Lakini aliposikia akitishiwa kufukuzwa mahali alipofanyia kazi usiku na mchana, hofu ikamtoka, ikabaki hasira tupu.

"Karakana ni ya baba," akasema. "Na baba alikuwa wetu sote. Nifukuze uone nani atakufungia springi za kesho."

Simu ya Bi Springi ilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, ukurasa uko wazi. Mwenyekiti akainyakua. Wifi akapiga kelele, "We baba, acha!" lakini kidole kilikuwa kimeshaanza kutafuta. Programu ile ilikuwa rahisi kweli kweli. Hata mtu ambaye hakuwahi kuigusa hakupotea. Kitufe cha kufuta kilikuwa palepale. Ikamuuliza kwa adabu kama ana uhakika. Akasema ana uhakika.

Ukurasa ukabaki mweupe. Mafundo yote, ya muuza dawa, ya msusi, ya shangazi, jina na namba, vyote vimefutika.

Mwenyekiti akairudisha simu mezani, na ajabu ni kwamba hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alikuwa anamtazama dada yake, anasubiri kilio.

"Wifi," mke wake akasema kwa sauti ndogo, "nadhani kuna mahali vinarudishwa..."

"Sitaki kurudishiwa," akasema Bi Springi.

Akajifuta mikono kwenye aproni. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua simu. Akafungua ukurasa mpya mbele ya macho yao. Picha zilikuwa bado zake, kwenye simu yake. Akachagua ya kwanza, miguu juu, akaiburuta mahali pake. Akachagua ya pili. Siku ile ya kwanza ilimla mchana mzima na birika zima la chai. Leo kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe bila kuuliza mtu njia. Mara hii jina lake akaliweka juu kabisa, kabla ya picha, kabla ya kila kitu. Akabonyeza kuchapisha.

Kisha akainua simu, akamnyooshea kaka yake.

"Haya. Futa tena," akasema. "Mimi nina kutwa nzima."